Umeomba Mada, Watu Wamenyamaza: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu ni wa yule anayeachiwa daftari: katibu wa kikundi cha vikoba, mwenyekiti wa mtaa, mama anayeendesha kikao cha wazazi, kijana aliyeanzisha mjadala wa kila mwezi kwenye darasa la shule ya msingi. Umewaomba watu waseme wangependa kujadili nini siku zijazo, na kuna kitu hakiendi.

Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia kusema watu wa huku hawana mwamko. Siamini. Watu hao hao jioni wakikaa kibarazani na kahawa wanajadili bei ya mbolea, mume wa fulani na mpaka wa shamba hadi usiku unaingia. Mada wanazo tele. Kilichoharibika mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: swali ulivyouliza, mahali na wakati ulipouliza, au yaliyoipata mada waliyokupa safari iliyopita. Hilo la tatu ndilo linaloua mijadala mingi, nalo huwa linachunguzwa mwisho kabisa, likichunguzwa. Kwa hiyo anza nalo.

Kipimo cha kwanza: daftari la mihtasari

Chukua mihtasari ya vikao vinne au vitano vya nyuma. Piga mstari chini ya kila mada iliyotoka kwa mjumbe wa kawaida, si kwa uongozi. Kisha fuata kila moja uone iliishia wapi. Ilijadiliwa? Iliahirishwa? Aliyeileta alipewa jibu lolote?

Ukiona mistari mingi haina mwisho, usihangaike kwanza na dalili nyingine. Ruka hadi sehemu ya "Walianza vizuri, wakaacha". Ukikuta mihtasari haina hata mada moja ya mjumbe, basi ama hakuna aliyesema ama katibu hakuandika. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kumuuliza katibu faraghani kama anakumbuka mtu yeyote aliyechangia jambo nje ya ajenda. Akianza kutaja majina, ugonjwa uko kwenye kalamu.

Dalili: ukiuliza, kimya

Unasimama, unasema, "Haya ndugu zangu, tupendekeze mada za vikao vijavyo." Watu wanaangalia viatu. Mmoja anakohoa. Mwenyekiti anasema kwa kuwa hakuna, tuendelee.

Usiendelee. Angalia kinachotokea baada ya kufunga kikao. Kama watu wanabaki chini ya mwembe kwa vikundi, wanazungumza kwa mikono na kukatizana, basi mada zipo na mahali pako pa kuziombea hapafai. Huenda kuna mtu ndani ya kikao ambaye hawawezi kusema mbele yake: mtendaji, mkwe, mwalimu mkuu, mkopeshaji. Dawa yake si kuwahimiza wawe jasiri. Jasiri anaondoka kikaoni na wewe unabaki na daftari. Yeye ndiye atakayekutana na mtu huyo kesho yake kisimani. Zikusanye mada hizo nje ya kikao, mmoja mmoja, na uzisome bila majina.

Kama watu wanatawanyika mara moja na kwenda zao, shuku swali lenyewe. "Tujadili nini?" ni swali la mtihani. Linamtaka mtu atunge kichwa cha habari papo hapo, mbele za watu, kisha ahukumiwe kama kichwa hicho kina maana. Aliyeishia darasa la saba anaona ni la waliosoma, na aliyesoma anaogopa kuonekana anajionyesha. Badala yake uliza kitu ambacho jibu lake mtu anatembea nalo:

"Mwezi huu ni jambo gani limekula hela yako au muda wako bila kulitarajia?"

"Ungepewa nusu saa na bwana shamba, au na mtu wa mamlaka ya maji, au na mganga wa zahanati, ungemuuliza nini?"

"Nyumbani kwenu wiki hii mmebishana kuhusu nini?" Hili la tatu huleta kicheko kwanza, na baada ya kicheko hufuata mambo ya maana: mtoto anayekataa shule, simu ya mkopo, mahari, nani analisha wazee. Nalipenda kuliko mengine, ila usiliulize mbele ya wanandoa walioketi pamoja.

Kisha nyamaza, na ukae na kimya hicho. Waendeshaji wengi wa mijadala hawawezi kuvumilia kimya kifupi tu bila kukijaza kwa maneno yao, na kila ukikijaza unawafundisha kwamba wakisubiri kidogo utawaondolea mzigo.

Kuna chanzo kingine kidogo ambacho husahaulika: posho. Mahali palipozoea semina za kulipwa, mtu akiitwa kutoa maoni anasubiri kuona bahasha. Sema mapema kwenye mwito kwamba hakuna posho. Watakaokuja watakuwa wachache, na hao wachache watasema.

Dalili: mada zote zinamiminika kwenye Mengineyo

Hii ndiyo dalili yenye matumaini kuliko zote, na ndiyo tunayoichezea vibaya kuliko zote.

Ajenda za vikao vyetu karibu zote zinafanana: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, jambo moja au mawili ya uongozi, mengineyo, kufunga. Watu wanakaa saa mbili na nusu kimya. Ikifika Mengineyo, saa saba mchana, mikono inapanda: dawa hakuna zahanati, ng'ombe wanaingia mashambani, mchango wa mlinzi wa shule haujulikani unakwenda kwa nani. Mwenyekiti anatazama saa. "Hayo ni mazito, tutayachukua." Dua, kufunga, watu wanakwenda kula.

Yaani kikao halisi kilianza pale ulipokifunga.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji Tanzania hasara hiyo ni kubwa zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano huo, na mkutano hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Aliyekatizwa kwenye Mengineyo ya leo anaambiwa, kwa lugha ya adabu, asubiri msimu mwingine wa mvua.

Chanzo hapa ni mpangilio. Watu wamezoea kwamba sehemu za juu za ajenda ni za viongozi na ya mwisho ni yao, na wanaiheshimu desturi hiyo. Marekebisho ni mawili. La kwanza, itumie sehemu ya kuthibitisha ajenda, ambayo siku hizi imebaki ya kupiga makofi tu. Hapo ndipo utaratibu wenyewe wa vikao unamruhusu mjumbe kuongeza jambo. Mwenyekiti akisoma ajenda, asiulize "Mnaithibitisha?" Aseme, "Kuna nafasi mbili wazi humu. Nani ana jambo la kuziba?" Na nafasi ziwe wazi kweli, zimeachwa mistari mitupu kwenye karatasi.

La pili, kila kilichosemwa kwenye Mengineyo kiandikwe kwa maneno ya msemaji mwenyewe, kisha kianze kikao kinachofuata. Mwandishi wa muhtasari ana tabia ya kuandika "wajumbe walijadili changamoto za afya". Hapana. Aandike: "Mjumbe alisema mwanawe aliandikiwa dawa mara tatu akaambiwa akanunue nje." Sentensi ya kwanza haiwezi kujadiliwa na mtu yeyote duniani.

Dalili: wanapendekeza wale wale

Kila mahali wapo: mwalimu mstaafu, kijana mmoja wa siasa, na mzee anayeanza kila hoja kwa mwaka 1967. Mada zao si mbaya. Tatizo ni kwamba akishasema wa kwanza, wengine wote wanafuata mkondo wake. Akitaja barabara, kikao kizima kitakuwa cha barabara, hata kwa yule aliyekuja na jambo la mirathi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1971 Andre Delbecq na Andrew Van de Ven walichapisha huko Marekani utaratibu wa kulizuia: kila mtu kwanza aandike mawazo yake kimyakimya, kisha mzunguko uanze, kila mmoja ataje moja tu, hakuna kubisha mpaka yote yameandikwa, ndipo yafafanuliwe na kupigiwa kura. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba watu wakitoa mawazo kwa zamu katika kundi hupata machache kuliko idadi hiyo hiyo ikifikiri kila mmoja peke yake, na sababu kubwa ni kule kusubiri zamu. Ukimsubiri mwenzako amalize, lako linakutoka.

Kwetu kuandika kuna shida yake, kwa kuwa si wote wana kalamu wala si wote wanaandika kwa urahisi. Weka mnong'ono badala ya karatasi. Watu wageukiane wawili wawili, dakika tatu, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja. Kisha kwenye mzunguko, mtu aseme la mwenzake, si lake. Utashangaa hofu inavyopungua mtu anapobeba neno la jirani. Anza mzunguko nyuma ya chumba, walikokaa wanawake wenye watoto na vijana waliochelewa, umalizie kwa mwalimu mstaafu. Atakuwa na jambo la kuongeza hata hivyo.

Kama baada ya hayo bado sauti ni zile zile, ujue wengine hawakuja, na mbinu ya chumbani haiwezi kumfikia asiyekuwamo chumbani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika hukumu hiyo ilitaja mahali ambapo kaunti ingepaswa kupeleka mwito: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya wazi, redio za taifa na za lugha za kienyeji. Ni orodha ambayo katibu wa mtaa anaweza kuikopi kama ilivyo, akaongeza kijiwe cha bodaboda, foleni ya kliniki ya watoto, na kwa mama lishe kabla chakula hakijaiva.

Angalia na saa ya kikao. Saa nane mchana ni saa ya nani? Muuza samaki yuko sokoni, mkulima wakati wa palizi yuko shambani. Ukipanga saa nane unapata wastaafu, kisha unalalamika kwamba mada ni za wastaafu.

Dalili: mada ni pana hadi hazishikiki

"Maendeleo." "Vijana." "Mmomonyoko wa maadili." Au zinakuja zimevaa suti kabisa: usawa wa kijinsia, mabadiliko ya tabianchi, ujasiriamali. Hizi za suti zina historia. Watu wameona miaka mingi wageni wenye madaftari wakija, na wamejifunza maneno yanayomfanya mgeni atabasamu na kuandika. Wakikupa hayo, wanakukaribisha tu kama mgeni. Bado hawajaanza kuzungumza nawe.

Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyefundisha watu wazima kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuwauliza wanafunzi wake wapendekeze mada. Yeye na wenzake walikwenda kwanza kusikiliza maongezi ya kila siku mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, wakaokota maneno yanayojirudia na yenye uzito, kama neno la tofali kwa watu waliokuwa wajenzi, kisha wakayaleta darasani kwa picha. Mjadala uliotoka humo ulikuwa wa mshahara, nyumba na nani anamiliki ardhi. Ukikaa asubuhi mbili kwenye kijiwe cha kahawa bila kuuliza chochote, ukisikiliza ni kitu gani kimerudiwa, utapata mada ambazo swali lako lisingezitoa.

Na ukishapewa mada pana, usiikatae. Iteremshe kwa maswali matatu, kwa sauti ya udadisi, si ya upelelezi: mara ya mwisho ilitokea lini? Wapi? Nani aliumia? Mtu aliyesema "maji" ataishia kusema kwamba kioski cha karibu na shule hufungwa saa nne asubuhi, na mwenye kioski anasema bei anayoruhusiwa haimlipi kukaa hadi jioni. Hapo tayari una mada, na una pande mbili. Kipimo changu ni hicho: kama siwezi kuwaza watu wawili wenye akili timamu wakitofautiana kuhusu jambo hilo, basi hilo ni tangazo au malalamiko, na mjadala hautasimama.

Dalili: wanataja watu badala ya mambo

Kwa kifupi. Likitajwa jina, simamisha hapo hapo kwa upole, liandike jambo bila jina. "Mweka hazina amekula hela zetu" si mada. Ni tuhuma, na ina njia yake kwenye katiba ya kikundi. Mada inayofuatana nayo ni "Nani anaruhusiwa kushika ufunguo wa sanduku, na kwa muda gani?" Hiyo ijadiliwe kabla, wakati na baada ya tuhuma. Usikubali hata siku moja ombi la kujadili ndoa ya mtu asiyekuwepo, hata likija limevaa kanzu ya nasaha.

Dalili: zimekuja nyingi mno

Furaha ya muda mfupi. Una mada ishirini na vikao sita kwa mwaka. Usizichague mwenyewe usiku nyumbani. Ukifanya hivyo kila mada iliyoachwa itaonekana imezikwa na uongozi.

Tumia punje. Andika au chora kila mada kwenye kipande cha boksi, vipange chini kwa mstari, mpe kila mtu punje tatu za mahindi. Aziweke zote kwenye moja au azigawe, shauri yake. Wasioweza kusoma wanafuata mchoro, na hakuna anayepaza sauti. Kama kuna woga wa kuonekana, weka vikopo nyuma ya pazia au ukuta wa darasa.

Lakini punje zina kasoro: walio wengi hushinda daima. Mada ya mlango wa choo usiopitisha kiti cha magurudumu haitashinda bei ya mahindi hata ikipigiwa kura miaka kumi. Tenga kikao kimoja kati ya vinne kwa mada iliyopata punje chache lakini ina mtu anayeumia kweli. Sema wazi mbele ya wote kwamba ndivyo mtakavyofanya, kabla ya kura, si baada.

Kisha zipange kwa kalenda ya msimu. Mjadala wa mbegu ukiufanya Mei, masika yakiwa yamekwisha kazi yake, unawakumbusha watu walichokosea tu. Uweke Januari au Februari. Mambo ya michango ya shule yasubiri Novemba, kabla sare hazijashonwa. Mada ya mifereji na takataka iwe Septemba, vuli haijabisha hodi.

Dalili: walianza vizuri, wakaacha

Hapa ndipo daftari lilipokuelekeza. Mwanzo watu walileta mada kwa wingi, mwezi wa nne zikapungua, sasa hakuna. Mwenyekiti anasema wamechoka. Hawajachoka. Walitoa, hawakusikia kitu, wakafanya hesabu.

Mfano wake ulio wazi ni sanduku la maoni. Karibu kila ofisi ya umma inalo: mbao, kufuli dogo, ufa wa kuingiza karatasi, vumbi juu. Hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani wala lilifunguliwa lini. Kosa si la sanduku. Karatasi inaingia na hakuna kinachotoka.

Dawa iko kwenye ajenda yenu tayari, inaitwa yatokanayo. Kila mada ya mjumbe ipate moja ya majibu matatu kwenye kikao kinachofuata, hadharani: itajadiliwa tarehe fulani; imeunganishwa na mada fulani kwa kuwa zinafanana; au haitajadiliwa, na sababu ni hii. Jibu la tatu ndilo viongozi wanaloliogopa, na ndilo linalojenga imani kuliko mawili ya kwanza. Mtu anaweza kumeza "hapana" yenye sababu. Asichoweza kumeza ni "tutalifanyia kazi".

Na mwenye mada yake aalikwe kuifungua siku ikifika. Dakika tano tu, aeleze kwa nini aliileta. Akikataa kusimama, isimuliwe na mwingine kwa ruhusa yake.

Wakati ambao hupaswi kuomba mada

Kipindupindu kimeingia kata ya jirani, au mto umevunja kingo: usizungushe punje. Sema jambo, lijadiliwe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nchini Tanzania iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na mada zake zote zilipangwa kabla hazijafika vijijini: malaria, kuhara, kichocho, minyoo, kifua kikuu. Watu walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Sioni ubaya. Mada iliyotoka juu inaweza kuwa nzuri. Ubaya ni kujifanya imetoka chini. Kama ajenda imeshapangwa, waambie imeshapangwa, na uwaombe wachague utaratibu wa kuijadili tu.

Mwito wenyewe

Ukisharekebisha lililoharibika, andika mwito upya. Uwe mfupi, kwa mfano hivi:

"Kikao cha Jumamosi ya pili ya mwezi ujao kina nafasi mbili za mada kutoka kwenu. Tuambie jambo moja lililokusumbua karibuni: nini, wapi, lini. Mwambie katibu dukani kwake, saa kumi hadi kumi na mbili jioni, au mtume mtu. Jina lako halitasomwa usipotaka. Mwisho wa kupokea ni Jumatano. Mada zilizobaki zitapewa majibu kikaoni. Hakuna posho, chai ipo."

Ubandike, halafu mpe mtu ausome kwa sauti msikitini na kanisani, maana karatasi ya ukutani husomwa na wale ambao wangekuja hata hivyo.